Banda la gari lisilo na gari

Nyumba nyingi zilizojengwa Babati miaka hii, kuanzia Maisaka hadi pembeni mwa barabara ya Singida, zina banda la gari. Ramani ilichorwa nalo, fundi akalijenga, gari halijaja. Babati ilipokuwa makao makuu ya Mkoa mpya wa Manyara mwaka 2002, watumishi walihamia, wakapata viwanja na kujenga kwa matumaini. Ukifungua mabanda hayo leo utakuta magunia ya mahindi, pikipiki, baiskeli ya mtoto isiyo na tairi na mifuko miwili ya saruji iliyokwisha kuwa mawe.

Katika nyumba moja ya namna hiyo banda ni la magari mawili, futi 20 kwa 22. Mwenye nyumba ni mtumishi wa umma wa miaka 58, amebakiza miwili tu kufika 60 ya kustaafu kwa lazima. Kabla ya ajira alijifunza useremala kwa baba yake mdogo, na randa ya mkono aliyoachiwa na mzee huyo ipo mpaka leo chini ya kitanda, imefungwa kwenye kitambaa. Mpango wake ni kuligeuza banda lote kuwa karakana. Anataka msumeno wa meza, mashine ya kuranda, keekee ya kusimama, meza ndefu ya kazi na rafu za kukaushia mbao ukuta mzima. Mtaji ungekuwa mafao yake ya mkupuo.

Mkewe hakukataa. Alisubiri watu walale, akauliza mawili tu.

"Baba watoto, hilo vumbi litakwenda wapi? Na hiyo pesa ikiisha, sisi tutakwenda wapi?"

Swali la kwanza halikuwa la usafi wa nyumba. Binti yao amerudi nyumbani na mtoto wa miaka mitatu ambaye kifua kinambana kila baridi ya Juni na Julai inapoingia. Mtoto huyo analala chumba kinachopakana na banda, na kati ya banda na korido ya nyumba kuna mlango.

Wengi wanalichukulia vumbi la mbao kama uchafu wa kufagia. Sivyo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani, lililiingiza vumbi hilo mwaka 1995 katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, hasa ya pua. Maranda na chembe kubwa huanguka miguuni mwa fundi, hayo si tatizo. Tatizo ni unga mwembamba unaotoka kwenye msasa na kwenye msumeno wa mashine. Huo hubaki hewani muda mrefu baada ya mashine kuzimwa, hupenya chini ya mlango, hutua kwenye neti ya kitanda. Vumbi la mvule na la mninga lina sifa ya kuwasha pua na kuamsha pumu. Mafundi wanalijua hilo kwa vifua vyao wenyewe, ila wamezoea kusema ni mafua.

Sharti la mama wa nyumba likawa moja: mlango wa ndani uzibwe. Mume alitaja pazia zito. Akataja mpira wa kuziba chini ya mlango. Akasema masika akitaka kuingia karakana itabidi azunguke nyumba nzima kwenye mvua.

"Utalowa kidogo," akajibiwa.

Mwashi aliziba mlango kwa tofali na kupiga lipu kwa siku moja. Huenda hiyo ndiyo pesa iliyotumika vizuri kuliko yote iliyofuata, na si mashine. Karakana ya nyumbani iliyoungana na vyumba vya kulala kwa mlango haijatengana na nyumba hata ikipakwa rangi nyingine.

Yaliyobaki kuhusu vumbi ni mazoea zaidi kuliko vifaa. Msasa hupigwa nje, chini ya mti, siku ambayo upepo hauelekei madirisha. Sakafu haifagiliwi kavu, hunyunyiziwa maji kwanza. Barakoa ya kitambaa ya enzi za korona haizuii unga mwembamba, inatakiwa ile ya mafundi inayobana pua na kidevu. Na kuna ovaroli, ambalo linabaki msumarini kwenye karakana. Hili ndilo lililomshinda babu kwa wiki kadhaa, kwa sababu mjukuu akisikia mashine imenyamaza hukimbilia nje kumkumbatia, na babu gani atamwambia mtoto asubiri? Siku hizi binti humshika mkono mtoto mpaka babu anawe na kubadili nguo. Mtoto hulia. Halafu hunyamaza.

Sasa nafasi. Futi 20 kwa 22 ni eneo kubwa mpaka mtu aanze kulipima kwa mbao badala ya macho. Mbao ya dukani ina urefu wa futi 12. Ili ipite yote kwenye msumeno wa meza inahitaji futi 12 kabla ya meno na futi 12 baada ya meno, jumla 24, na banda halina ukuta wa urefu huo. Ndiyo maana msumeno uliwekwa ukitazama geti: siku ya kupasua mbao ndefu geti linafunguliwa na mbao inatokea uani. Mbao fupi hupasuliwa geti likiwa limefungwa nusu. Mashine yenyewe haizidi meza ya chai kwa ukubwa, ila inadai njia kama lori.

Kitanda nacho kina hesabu yake. Kitanda cha 6 kwa 6 kikiunganishwa sakafuni kinachukua futi 36 za mraba, lakini fundi lazima akizunguke, na futi mbili kila upande zinakifanya 10 kwa 10. Hizo ni futi 100 kati ya 440, karibu robo ya banda kwa kitanda kimoja. Karakana nyingi za mitaani huvuka tatizo hili kwa kuunganishia vitanda barabarani. Mwenye banda alichora kisanduku cha 10 kwa 10 sakafuni kwa chaki, akaapa hakitawekwa kitu. Ndani ya mwezi mmoja kilikuwa na debe la rangi, viti viwili vya jirani vinavyosubiri kurekebishwa, na pikipiki. Nafasi kubwa ina tabia hiyo, inaita vitu.

Magunia ya mahindi, yote 14, yamehamia chumba cha wageni. Hilo lilikuwa la lazima. Thina, vanishi na gundi havikai na chakula, na vitambaa vilivyofutia mafuta ya kupaka mbao vikirundikwa kwenye kona vinaweza kupata joto vyenyewe na kuwaka bila kiberiti. Hivyo hutandazwa nje vikakauka, ndipo vinatupwa. Mgeni atakayekuja atalala na mahindi.

Mbao zenyewe zinafika Babati kirahisi kuliko zamani. Tangu barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, izinduliwe Aprili 2018, msindano wa shamba la Sao Hill huko Mufindi unapanda kwa lori bila kukwama njiani. Saiprasi inatoka mashamba ya Meru na Kilimanjaro. Mninga wa Tabora na Katavi upo kwa mwenye pesa. Anayenunua kwa bei ya kutupa kutoka kwenye pikipiki ya usiku anajua, hata asiposema, ametoka wapi mti huo. Wilaya ya Babati ina historia yake ya kujivunia katika jambo hili. Msitu wa miombo wa Duru-Haitemba, wa hekta 9,000 hivi, ulikuwa karibu kufanywa hifadhi ya serikali, na vijiji vinavyouzunguka vikakataa. Katikati ya miaka ya 1990 vikakabidhiwa kuulinda vyenyewe, na mfano wao ni mmoja wa iliyotangulia Sheria ya Misitu ya 2002 iliyoruhusu misitu ya vijiji nchi nzima. Kwa hiyo risiti na hati ya kusafirishia mbao si karatasi za kuogopa askari tu. Zinawekwa kwenye faili, faili linakaa ndani ya nyumba.

Mbao mbichi ni mtego mwingine. Mlango uliotengenezwa masika kwa mbao iliyojaa maji, ikifika mwezi wa tisa paneli zake zimeachana na mwanga unapita katikati. Mafundi wa zamani walihesabu mwaka mmoja wa kukausha kwa kila inchi ya unene. Saiprasi na msindano hazihitaji uvumilivu wote huo, lakini nazo hupangwa kivulini, vijiti katikati ya mbao na mbao, hewa ipite. Rafu zilizochukua ukuta mzima ndizo kazi yake, na mama wa nyumba aliyedhani ni anasa amekubali sasa kuwa zina maana.

Umeme uliwapa somo fupi. Mashine ya wati 2,200 kwenye volti 230 huvuta karibu ampia 10 ikiwa katika mwendo, na mara kadhaa ya hapo kwa nukta inapowashwa. Hiyo haifai kuchomekwa kwenye waya wa kurefushia uliokunjwa, unaopita dirishani kutoka sebuleni. Waya huo huchemka. Fundi mwenye leseni ya EWURA alivuta laini ya pekee kutoka kwenye meni swichi, yenye breka yake na ethi. Kwenye Luku, saa moja ya mashine hiyo ikifanya kazi kwa nguvu zake zote ni uniti 2.2, na mke ndiye anayeandika.

Wazazi wa mtaani wameanza kuuliza kama vijana wao wanaweza kuja likizo wajifunze kazi. Swali ni zuri na jibu lake halifurahishi wengi. Sheria ya Mtoto ya 2009 hairuhusu mtu wa chini ya miaka 18 kufanya kazi ya hatari, na msumeno wa meza ni hatari hata kwa mtu wa 58 mwenye vidole vyote kumi. Kijana wa kidato cha pili anaweza kujifunza kupima, kupiga mstari kwa skwea, kushika msumeno wa mkono, kunoa patasi na kutofautisha saiprasi na mkaratusi kwa harufu. Hayo yanatosha likizo nzima. Anayetaka mashine amalize shule aende VETA Manyara, ipo hapahapa Babati, atafundishwa na mtu ambaye hiyo ndiyo kazi yake. Funguo ya karakana inakaa na mama wa nyumba, na breka huzimwa kila jioni.

Jambo moja dogo ambalo majirani hawakulijua: vipande vya mbao si vyote vya kupikia. Watoto walikuwa wakija kuokota kuni na hakuna aliyewazuia. Lakini mbao za paa zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani kibichi, mara nyingi zina shaba, kromi na aseniki ndani yake, na moshi na majivu yake havifai jikoni. Maranda yake hayafai kwenye banda la kuku pia. Sasa kuna viroba viwili, na kile cha mbao za dawa kimefungwa kwa waya.

Kelele zilipangiwa saa. Hakuna mashine kabla ya saa tatu asubuhi, hakuna baada ya saa kumi na moja jioni, Jumapili hakuna kabisa. Jirani wa kushoto ni nesi anayelala mchana akitoka zamu ya usiku, kwa hiyo ratiba yake ya zamu imebandikwa kwenye geti la karakana, ndani.

Likabaki la pesa, ambalo lilichukua muda mrefu kuliko yote kwa kuwa kila mmoja alikuwa na haki. Kwa utaratibu wa sasa mstaafu hapewi mafao yake yote kwa mara moja. Anapewa mkupuo, na sehemu kubwa inakuja kama pensheni ya kila mwezi. Mkupuo huja mara moja katika maisha. Mume aliona hiyo ndiyo nafasi yake ya mwisho ya kufanya kazi anayoipenda. Mke aliwakumbuka wastaafu waliomaliza mkupuo kwenye basi dogo, kwenye kuku, kwenye duka, na hakuwa na sababu ya kuamini kwamba msumeno una huruma kuliko kuku.

Walikubaliana kwamba mkupuo hauguswi. Msumeno wa meza ulinunuliwa kwa akiba ya mshahara, miaka miwili kabla ya kustaafu, ili ukishindwa ushindwe mshahara ungali unaingia. Mashine ya pili itanunuliwa na kazi za ya kwanza. Kuna daftari la mapato, lipo kwenye kabati la vyombo, na hadi sasa lina makabati mawili, meza ya shule ya chekechea na kitanda cha 5 kwa 6 cha binti, ambacho safu yake ya malipo ina mstari tu. Ndugu wengine wawili wameagiza kwa bei ya ndugu. Mke amewaambia ndugu hulipa nusu mbele kama watu wengine, na mmoja amenuna.

Mashine ya kuranda aliyoichagua mzee ni ya umeme wa fezi tatu, na kwa hiyo lazima waombe TANESCO. Ombi hilo halijaandikwa. Mama watoto amesema waliongelee baada ya mavuno, daftari likiwa mezani.