Kabla Dirisha Halijafunguliwa

Wete, Pemba
Julai

Mwanangu mpenzi,

Mama yako anakusalimu sana. Wiki hii yuko pwani asubuhi na jioni, maji yamempa nafasi ya kushughulikia mwani wake. Mke wa mjomba wako amenipigia kunieleza kwamba tangu watu waanze kusema matokeo ya kidato cha sita yako njiani, chakula hukigusi na usiku simu haikutoki mkononi. Nilipokupigia mwenyewe ulinijibu "sijambo shangazi", basi. Nimeona nikuandikie, kwa kuwa niliyonayo ni marefu na nataka uyasome zaidi ya mara moja.

Najua kinachokutisha. Kundi lenu la WhatsApp limejaa habari kwamba dirisha la kwanza likifunguliwa, atakayechelewa hata siku moja atakuta udaktari umejaa. Kila mwaka nakaa na wanafunzi wangu wakati wa maombi, na kila mwaka nayasikia hayo hayo. Chuo hakimchagui mtu kwa saa aliyotuma. Dirisha hubaki wazi kwa muda wake uliotangazwa, maombi yote yanakusanywa, halafu yanapangwa kwa sifa na alama. Aliyetuma usiku wa kwanza na aliyetuma wiki ya mwisho wanapimwa kwa kipimo kimoja. Lakini awamu ya kwanza yenyewe usiikose, kwa sababu kozi zinazogombaniwa kama udaktari hubakiwa na nafasi chache sana baadaye. Hilo ni kweli, nalo halihitaji kulala na simu.

Kuna jambo jingine linalowababaisha wengi. NECTA wanahesabu A kuwa pointi 1, ndiyo maana daraja la kwanza ni pointi 3 hadi 9, na mwenye pointi chache ndiye aliyefaulu zaidi. Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, inahesabu kinyume: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Nimemwona kijana mwenye daraja la kwanza akilia kwa sababu amesoma kwenye mwongozo kwamba kozi fulani inataka pointi 6, akadhani amezidisha. Mwongozo wa udahili wa TCU hutoka kila mwaka. Usome wewe mwenyewe, usisimuliwe. Tazama masomo yanayotakiwa, kisha tazama safu inayoonyesha kila kozi inachukua wanafunzi wangapi. Watu hawaiangalii safu hiyo, na ndiyo inayokwambia ushindani uko wapi.

Nikwambie pia kwa nini orodha ya kwanza haifai kukuvunja moyo. Kuanzia 2010 maombi yote yalipita kwenye mfumo mmoja wa TCU, na Tume ndiyo iliyokuwa ikikupangia chuo. Tangu 2017 mwombaji anaomba chuoni moja kwa moja. Kwa hiyo mwenye alama kubwa anaweza kuonekana kwenye orodha za vyuo vitatu au vinne kwa wakati mmoja, naye mwili wake ni mmoja. Akishathibitisha chuo kimoja, nafasi nyingine anaziachia. Mtoto anayesoma orodha ile na kukosa jina lake hulia siku hiyo hiyo, na hali mambo bado hayajatulia.

Huko Marekani kuna utaratibu wa kuomba mapema, mara nyingi kufikia tarehe 1 Novemba, ambapo mwanafunzi hujifunga kwa chuo kimoja: kikimkubali, ndiyo basi, lazima aende. Watoto wa wenye nazo ndio wanaofaidi zaidi, maana asiyenacho anataka kwanza alinganishe misaada ya ada. Kwetu kuomba hakukufungi. Kinachokufunga ni kuthibitisha. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja unatumiwa namba maalumu ya siri kwa ujumbe wa simu, nawe una siku chache za kuitumia. Hapo ndipo pa kuwa macho.

Na hapo ndipo watoto wetu wa Pemba wanapoumia. Mtoto anatoka shamba kwao, hana kompyuta, anaingia duka la steshenari, analipa, mwenye duka anamjazia fomu kila kitu na mwisho anaweka namba yake yeye mwenye duka. Ule ujumbe wa siri unakwenda kwenye simu ya mtu aliyejazia watu wengi siku hiyo. Mwaka jana nilimsindikiza msichana mmoja dukani kwenda kuutafuta. Yule bwana hakuwa mtu mbaya. Alishusha na kushusha ujumbe kwenye simu iliyopasuka kioo, akaupata wake, na siku ya mwisho ilikuwa imeshapita. Msichana alisoma tarehe, akamrudishia simu, akamwambia ahsante. Basi tumia namba yako mwenyewe, na barua pepe yako mwenyewe, na neno la siri uliandike kwenye daftari. TCU wenyewe hawaachi kuwaonya watu juu ya mawakala.

Sitaki nikudanganye kwamba uwanja uko sawa. Mtihani ni mmoja, maabara si moja. Mmefundishwa kemia miezi mingine bila ya vifaa, na mnapangwa kwenye orodha moja na waliosoma kwenye skuli zenye kila kitu. Linaniudhi, na nitaendelea kulisema kwenye kila kikao nitakachoitwa. Ila nakuomba usilibebe kama upungufu wako.

Umewahi kusoma habari za Profesa Ali Mazrui wa Mombasa? Alizaliwa 1933. Enzi za ujana wake, kijana wa Unguja, Pemba au Mombasa aliyetaka chuo kikuu bila ya kutoka Afrika Mashariki alikuwa na Makerere tu. Mazrui alipata daraja la tatu kwenye mtihani wa Cambridge, Makerere haikumchukua. Akafanya kazi ya ofisini Mombasa, kwenye Taasisi ya Elimu ya Kiislamu, mpaka akapata ufadhili wa kwenda Uingereza. Akamalizia sekondari Huddersfield, akapata digrii Manchester mwaka 1960, ya pili Columbia mwaka 1961, na ya udaktari wa falsafa Oxford mwaka 1966. Kabla hata hajamaliza hiyo ya Oxford alikuwa ameshaanza kufundisha pale pale Makerere, akawa profesa na mkuu wa kitivo. Sikwambii haya ili uamini kila anayekataliwa atakuwa Mazrui. Waliokataliwa enzi zile walikuwa wengi, majina yao hatuyajui, na baadhi yao akili zao zilipotea bure kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kwenda. Leo papo, na nyote mmejazana mlango mmoja wa Muhimbili.

Udaktari unafundishwa SUZA hapo hapo Unguja, unafundishwa Dodoma, Moshi, Mwanza, Mbeya. Aliyesoma stashahada ya utabibu akafanya vizuri naye huomba udaktari baadaye kwa sifa linganishi. Lakini kabla ya hayo yote nakuuliza: ni wewe unayeutaka? Kama ni wewe, omba, na uupange wa kwanza. Nakukumbuka ulivyokuwa ukimfuata mama yako pwani, ukiuliza kwa nini mwani ule mnene unakufa maji yakipata joto na ule mwembamba unastahamili. Hukupata wa kukujibu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Sayansi za Bahari Unguja tangu 1978, na wako watu wanaolipwa kuuliza swali lile lile. Lifikirie.

Watu watakwambia marehemu baba yako alitaka uwe daktari. Mimi ni dada yake, na siku zake za mwisho nilikuwa naye. Alichosema ni kwamba usome mpaka utakapotaka mwenyewe kusimama. Kazi hakuitaja. Hayo ya daktari wa kwanza wa ukoo yameanza matangani, na walioyaanzisha walikuwa na mapenzi, ila si wasia.

Cheti chake cha kifo nimekifuatilia kwa Wakala wa Usajili, na chako cha kuzaliwa pia, kwa sababu ombi la mkopo la mtoto aliyefiwa na mzazi linahitaji vyote viwili vilivyohakikiwa. Nilitaka nikuondolee wewe kukisimamia kile cha baba yako dirishani. Vimo ndani ya bahasha hii, usivikunje, na utoe nakala kabla hujampa mtu yeyote. Tazama kwamba jina lako lina herufi zile zile kwenye cheti cha kuzaliwa na kwenye cheti cha kidato cha nne. Kama kuna tofauti hata ya herufi moja niambie haraka, nilishughulikie mapema. Mapema ya maana kwetu ni hiyo.

Ada ya maombi nitakutumia. Karafuu za mwanzo tumeshazianika, zikipelekwa kituoni tu utapata ujumbe. Nipigie Ijumaa baada ya sala, uniambie vyuo ulivyovifikiria na sababu ya kila kimoja, na nikikuuliza hali unijibu kweli. Mjomba wako na watoto uwasalimie.

Shangazi yako