Kizibo kilikuwa mfukoni mwangu

 Nilikuwa Bagamoyo kwa mjomba wangu, na leo nina jambo la kuungama.

Mjomba ana boti ya faiba ya mita 7 yenye mashine ya petroli. Asubuhi ile ilikuwa imelala mchangani karibu na soko la samaki, maji yamekupwa. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Mimi nilitaka tuwahi fungu la mchanga la Mwambakuni nikapige picha. Yeye hakuwa na haraka kabisa.

"Shikamoo mjomba. Niwashe pampu tutoe maji ya mvua?"

"Marahaba. Usiguse swichi. Kwanza hewa, halafu maji."

Akafungua chumba cha tangi, akainamisha pua. Akanieleza kwamba mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi ukapeperuka kama moshi. Unateremka na kutuama kwenye ngama, palepale ilipo pampu ya umeme. Cheche moja inatosha. Ndiyo maana chumba kile kina mabomba mawili ya hewa: moja linaingiza upepo, la pili limeshuka hadi karibu na sakafu, kuufuata mvuke ulikolala. Hilo la pili alipolichokoa kwa waya, likatoka tonge la udongo. Nyigu walikuwa wamejenga humo! Kwa nje ungeona tundu zuri tu.

Tukaacha wazi mpaka harufu ikaisha. Ndipo akachomoa kizibo cha nguzi, lile tundu la chini kabisa upande wa nyuma, maji yakachuruzika mchangani. Kisha akasafisha chujio la pampu: magamba ya samaki, nyuzi za nyavu, kipande cha mfuko wa plastiki. Akainua boya la swichi kwa kidole, pampu ikanguruma. Bahari ilipoanza kujaa akanikabidhi kizibo.

"Mjomba, funga nguzi."

Nikaitikia. Mara zikapita ngalawa mbili na jua nyuma yake, nikakimbilia kamera.

Nadhani mmeshaelewa.

Hatukuwa tumefika mbali mjomba akageuka. "Mbona pampu haikomi?" Maji yalikuwa yanaruka ubavuni bila kupumzika. Akafunua ubao wa sakafu: ngama imejaa. Akazamisha mkono hadi begani, akasokomeza kitambaa kwenye tundu. Mimi nikapapasa mfuko wa suruali. Kizibo hiki hapa.

Baadaye nilipiga hesabu nikatetemeka. Tundu la inchi moja, likiwa futi moja chini ya maji, linaingiza lita 40 hivi kwa dakika. Pipa la lita 200 linajaa kwa dakika 5. Pampu yetu imeandikwa galoni 500 kwa saa, yaani lita 30 na kitu kwa dakika, tena hiyo ni namba ya dukani. Betri ikichoka inapungua. Kwa hiyo tulikuwa tunashindwa polepole. Ila kama chujio lile lisingesafishwa asubuhi, tusingeona hata hayo maji ya ubavuni.

Mjomba alisema tu kwamba kizibo kikishatolewa kinafungwa kwa kamba kwenye ufunguo wa mashine, si kutiwa mfukoni. Huwezi kuwasha bila kukishika.

Sasa linalonisumbua. Katika kazi yangu nimeandika habari za vyombo kuzama. Naandika upepo mkali, mawimbi, abiria kuzidi. Sijawahi hata mara moja kuuliza: pampu ilikuwa nzima? Nguzi ilifungwa? Maji yakiwa huru ndani ya chombo hukimbilia upande ulioinama na kuuinamisha zaidi, hivyo wimbi dogo linamalizia kazi iliyoanzia kwenye ngama. Sisi tunaliandika wimbi.

Siku ile upepo wa kusi ulikuwa unavuma kiasi. Tungezama, mwandishi mwenzangu angeandika kwamba tumeuawa na upepo.

Wewe unayepanda boti ndogo kwenda Mbudya au Bongoyo, kabla ya kupiga picha muulize nahodha kizibo kiko wapi. Akikucheka, mwache acheke.