Vioo vya Mvua Nyingi

Duka moja la zamani limebomolewa Bungoma, upande wa stesheni. Nilimkuta kijana akitupa vidirisha vya duka hilo kwenye lori la vifusi, nikamwomba aniachie viwili. "Hivi vimeharibika, mzee. Hata ukisugua na majivu havitakati." Ni kweli havitakati, na ndiyo sababu navitaka.

Reli ilifika kwetu Kitale 1926, mwaka uleule Kanali Stoneham alipoanzisha makumbusho yake huko. Tarehe hizo nilizisoma ukubwani. Utotoni nilichokijua ni harufu ya puti: chaki na mafuta ya kitani. Mzee wa Kihindi aliyetuuzia vioo aliikanda kiganjani kama tonge la ugali, polepole, mpaka ikaacha kunata. Vioo alivisimamisha wima, na kati ya kimoja na kingine alitia gazeti. Mvua zikianza aliongeza magazeti, na mtoto mwenye mikono mibichi hakumkaribia. Maji yakinaswa kati ya vioo viwili, alisema, vyote vimekwisha.

Alisema kweli. Kioo cha dirisha ni mchanga, chokaa na magadi, hayohayo tunayochimba Ziwa Magadi. Unyevu ukikaa juu yake hufyonza magadi, na maji hayo hugeuka makali, yakala uso wa kioo. Hubaki utando mwembamba, na mwanga ukiupiga hutoa zambarau, kijani na dhahabu. Kidirisha nilichookoa kina ukungu pembeni, palipokuwa na puti iliyopasuka, na michirizi ya rangi inayoshuka kufuata njia ya matone. Hakuna mchoraji aliyeshika brashi hapo.

Wapo walioutamani uzuri huo. Louis Comfort Tiffany wa Marekani aliiga rangi za vioo vya kale vilivyofukuliwa ardhini. Huku kwetu, msanii Nani Croze na mwanawe Anselm wamezipa uhai mpya taka za chupa na vioo kule Kitengela.

Kitale na Bungoma je? Zilikuja grili, ikaja alumini, sasa kila jengo limevaa kioo cheusi kisichoonyesha mtu wala anga. Inaniudhi. Miaka ya mvua imeandikwa kwenye madirisha yale, nasi tunaimwaga shimoni pamoja na matofali.

Vidirisha vyangu nimevitundika barazani, vielekee jua la asubuhi. Ningependa vingine vitundikwe Makumbusho ya Kitale, watoto wa shule wavione. Wakandarasi nimewaachia namba yangu: wanipigie kabla ya nyundo. Magazeti ya kufungia nitakuja nayo mwenyewe.