Bata Bukini: Kelele Kwetu, Mafuta Kwao

Kwetu Tanga, mtu akifuga bata bukini ujue kapata mlinzi. Mjomba alikuwa nao watatu, na mgeni hakuvuka ua bila kupigiwa kelele na kufukuzwa, shingo zimelazwa chini. Wazee walisema hata nyoka hakai walipo. Kumchinja mmoja hakukumpitikia mtu akilini, labda avunjike mguu. Cha kupikia wageni alikuwa bata wa kawaida, tena wa nazi.

Huku Ujerumani, ikifika Novemba, mikahawa hubandika matangazo ya bata bukini. Msimu wake huanza tarehe 11, sikukuu ya Mtakatifu Martin, ukaenda hadi Krismasi. Husimuliwa kwamba Martin alipotakiwa awe askofu wa Tours, mwaka 371, alijificha bandani mwa mabata, nao wakapiga kelele wakamfichua. (Mjomba angefurahi: walifanya kazi yao.) Hadithi tamu, ila mimi naamini zaidi hesabu za wakulima. Siku hiyo ndipo zilipolipwa kodi za mashamba, mara nyingi kwa mabata walionona baada ya mavuno, na kesho yake ukaanza mfungo wa kungoja Krismasi. Tena nani angewalisha majira yote ya baridi?

Mama mkwe wangu humwoka mwenyewe. Ni bata wa kilo 4 au 5, tumboni amejazwa matufaha, vitunguu na majani makavu ya mmea mchungu uitwao Beifuß, ambao watu wa huku huamini hulisaidia tumbo kuhimili mafuta. Humtobatoboa ngozi chini ya mapaja kwa sindano, bila kugusa nyama, mafuta yapate pa kutokea, kisha humwacha ndani ya oveni yenye moto mdogo kwa saa 4 hivi. Kila mara huchota mafuta kwa upawa na kuyamimina kwenye bakuli la udongo. Viungo ni chumvi na pilipili manga, basi. Kwetu bata hapandi jikoni kabla hajaoshwa kwa ndimu, akalala na tangawizi na kitunguu saumu. Kwa hilo sijabadili msimamo: ngozi yao ni tamu, inakatika kwa mlio, lakini kidari hakina lolote mbele ya mchuzi wa nazi ulioungwa vizuri.

Ila kwenye mafuta nawavulia kofia. Nyumbani yakielea juu ya mchuzi tuliyaengua tukamwaga. Mama mkwe hapotezi hata tone. Yakipoa huwa meupe na laini, hupakwa kwenye mkate mweusi na kunyunyiziwa chumvi. Anasimulia kwamba utotoni, kifua kikimbana, mama yake alimchua kwa mafuta hayo yakiwa vuguvugu, akamfunga kitambaa cha sufu. Nilicheka, maana bibi yangu alitufanyia hivyohivyo kwa mafuta ya kondoo, na kipande cha kanga mahali pa sufu. Harufu yake ilihamia kwenye foronya na haikutoka hata kwa sabuni ya mche. Kama yaliponya kikohozi, sisemi. Pengine ilikuwa joto na mkono wa anayekuchua.

Manyoya nayo yana kazi. Bibi aliweka unyoya mmoja safi wa kutilia mafuta sikioni. Mama mkwe ana bawa zima lililokaushwa, la kufagilia unga mezani, na unyoya wa kupakia yai juu ya mikate. Yale laini ya kifuani yalijazwa kwenye mito na mafarishi mazito ya baridi. Sisi tulikuwa na misufi, mito ikajazwa sufi, kwa hiyo manyoya ya bata yalitupwa pamoja na majivu.

Mabata wengi wa madukani hapa hutoka Polandi na Hungaria, wamegandishwa na wamekwishanyonyolewa. Aliyewahi kumnyonyoa bata kwa maji ya moto, akamalizia kwa kumbabua juu ya kuni, anajua kwa nini silalamiki.

Siku hizi bakuli lile tunagawana. Kwenye chapati natia mafuta hayo mahali pa samli, zinachambuka vizuri tu. Mapaja yaliyobaki nayachambua, nayatia kwenye tui zito na ndimu mbili. Mama mkwe huomba sahani ya pili, ila pilipili hagusi.