Kabla ya Kuwasha Gari Kwenda Tug Hill

Mwaka huu sisi wa North Buffalo tumekubaliana kwamba Februari haitatukuta tumejifungia ndani tukipiga soga na kunywa chai ya tangawizi. Tunataka kupanda na magari nyanda za juu za Tug Hill, mashariki ya Ziwa Ontario, tukapite njia za msituni zilizolala chini ya theluji. Mpwa wetu wa Louisville amenunua pikapu inayovuta kwa magurudumu yote manne, foo wili kama wasemavyo mafundi wa nyumbani, na tangu aipate hana usingizi.

Wametuuliza wengine: theluji ya Buffalo haiwatoshi? Inatutosha, ila haitabiriki. Upepo wa baridi ukipita juu ya Ziwa Erie huchota mvuke wa maji na kuumwaga nchi kavu kama theluji. Lakini Erie ni ziwa la kina kifupi, na likiganda katikati ya majira ya baridi kiwanda hicho hupungua kazi. Ziwa Ontario lina kina kirefu na ni nadra kuganda lote, basi upepo wake huendelea kunyeshea Tug Hill, ambako ardhi inainuka hadi zaidi ya mita 600. Huko ndiko kuna kijiji cha Hooker, kilichopokea karibu mita 12 za theluji katika majira ya 1976 hadi 1977. Mita 12, ndugu zangu, ni nyumba ya ghorofa tatu.

Kazi ya kwanza ya mpango wetu ilikuwa sheria, wala si magari. Jimbo la New York linaziruhusu halmashauri za miji midogo kuziacha baadhi ya barabara bila kuzifagilia theluji kuanzia tarehe 1 Desemba hadi tarehe 1 Aprili. Kibao hubandikwa mwanzoni mwa barabara, na ukishakipita ujue greda halitakufuata. Nyingi za barabara hizo wakati wa baridi hugeuka kuwa njia za pikipiki za theluji, zile zinazoteleza kwa ski na mkanda. Nyingine hufungwa kabisa kwa magari, kama ile ya Moose River Plains katika milima ya Adirondack, tuliyokuwa tumeichagua mwanzo kwa sababu ya uzuri wake katika picha. Kwa hiyo ramani peke yake haisemi kitu. Tunampigia simu msimamizi wa barabara wa kila mji mdogo na kumwuliza barabara moja moja, kwa jina lake. Ni watu wapole hawa, ingawa wakisikia lafudhi yetu huuliza mara mbili kama kweli tunajua theluji ni nini.

Tunaijua. Ila wengi wetu elimu yetu ya gari bovu na njia mbovu tuliipata kwenye tope. Aliyeendesha Land Rover milima ya Makete au Usambara wakati wa masika anajua kufunga minyororo kwenye tairi, kupunguza upepo, kukata matawi na kuyatandika chini ya gurudumu. Ujuzi huo unafaa hata hapa. Kinachotofautiana ni saa. Kule ukikwama jioni, unalala garini. Asubuhi vijana wa kijiji wanatokea na majembe, mnapatana bei, mnasukumana, mnacheka, na mama mmoja anawauzia mahindi ya kuchoma. Kukwama ni kuchelewa tu. Barabara isiyofagiliwa ya Tug Hill haina kijiji, wala mtandao wa simu haupatikani kila mahali, na usiku joto laweza kushuka nyuzi 20 chini ya sifuri. Tangu dakika gari linapokwama, kuna mshumaa unaowaka, na mafuta ya kwenye tangi ndiyo nta yake.

Hili watu wa Buffalo hatuhitaji kulisoma vitabuni. Tarehe 23 Desemba 2022 tufani ilitupiga kwa zaidi ya saa 36 mfululizo, upepo ukipita kilomita 100 kwa saa. Magari ya zimamoto, ya wagonjwa, hata magreda yenyewe yalikwama. Katika wilaya yetu ya Erie walikufa watu zaidi ya 40, baadhi yao ndani ya magari yao, katika mitaa ya mji na si msituni. Jirani yetu mmoja alitoka na gari kubwa la foo wili kwenda kumchukua mama mkwe. Alifika njia panda ya tatu. Alirudi kwa miguu akishika uzio wa nyumba moja baada ya nyingine, kwa kuwa mkono wake mwenyewe hakuuona.

Ndiyo maana tukamkalisha mpwa wetu chini, kwa simu, tukamfanyia hesabu. Magurudumu manne yakivuta, gari linaondoka vizuri na kupanda vizuri. Kusimama ni jambo jingine: breki ziko kwenye magurudumu yote manne hata katika gari dogo la dada yako. Ukiwa kilomita 50 kwa saa juu ya lami kavu, breki zinakusimamisha kwa mita kama 14. Juu ya theluji iliyoshindiliwa ni mita kama 50, na juu ya barafu karibu mita 100. Kinachobadilisha hesabu hiyo ni tairi. Mpira wa kawaida huanza kuwa mgumu joto likishuka chini ya nyuzi 7. Unahitajika ule wenye alama ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Akajibu, "Mjomba, tairi nne ni pesa nyingi." Tukamwambia na pikapu nayo ilikuwa pesa nyingi.

Mama yake alipiga kesho yake. "Kaka, mtoto wangu mnampeleka wapi?" Hakutaka kusikia habari ya tairi. Alitaka karatasi: mnapita barabara gani, mnageuza saa ngapi, na msipopiga simu nimpigie nani. Tukaandika. Tukaandika kwamba tutageuza saa nane mchana popote tutakapokuwa, na kwamba tusipompigia kabla ya saa kumi jioni aarifu polisi wa wilaya ya Lewis. Kijana alipoisoma akauliza mbona tunageuza saa mbili kamili kabla ya saa kumi usiku. Tazama hatari hiyo! Amekulia Marekani, kwake saa kumi ni kumi ya kwenye saa ya ukutani. Kama tungetengana njiani, yeye angetungoja hadi usiku wa manane. Sasa karatasi ina saa za namna mbili, za Kiswahili na za Kimarekani, na dada ana nakala jikoni kwake.

Mengine ni ya kawaida: magari mawili, kamwe si moja, beleshi, kamba ya kuvutia, pampu ya upepo, blanketi kwa kila mtu, tangi lisishuke chini ya nusu. Gari likikwama hakuna kushuka kwenda kutafuta msaada kwa miguu. Unabaki ndani, unawasha injini dakika kumi kila saa, na kabla ya kuiwasha unafukua bomba la ekzosi, maana likizibwa na theluji ile hewa ya sumu huingia ndani nawe husikii harufu yoyote.

Wageni wa kusini nao wana la kwao. Kutoka Louisville mtapanda I-71 kupitia Columbus hadi Cleveland, kisha I-90 kando ya ziwa. Msiidharau sehemu hiyo kwa kuwa ni barabara kuu: mji wa Erie, Pennsylvania, ulipata zaidi ya sentimita 80 za theluji siku moja, Krismasi ya 2017. Njooni Ijumaa, mchana, mlale kwetu. Kutoka hapa hadi Tug Hill ni kilomita kama 300, kwa I-90 hadi Syracuse kisha I-81 kaskazini.

Tunaondoka Jumamosi ya tatu ya Februari, saa kumi na moja alfajiri, yaani tano ya Kimarekani. Dada bado hajasema ndiyo. Amesema atasema atakapoiona picha ya tairi zikiwa zimefungwa kwenye gari, na mtoto akiwa amesimama pembeni.