Ua Linapokutana na Ua

Nilipotoka chuo cha ualimu mwishoni mwa miaka ya 1980, mfumo wa elimu wa 8-4-4 nchini Kenya ulikuwa ungali mchanga na Sanaa ilitahiniwa darasa la nane. Mtihani ulitupa heshima. Mzazi aliyekuja shuleni kuulizia Hisabati alipita na kwangu pia, na mwalimu mkuu hakuthubutu kukigusa kipindi changu. Ila vifaa havikuwapo. Shule yetu ilikuwa kisiwani Mombasa, watoto wamebanana madawatini, na kabatini mwangu mlikuwa na makopo machache ya rangi ya unga na karatasi zilizoliwa na mchwa pembeni. Ikanibidi vifaa vyangu nikavitafute sokoni Marikiti, kwenye meza za mboga.

Bamia ndiyo iliyonifaa kuliko vyote. Unaikata karibu na kikonyo, pale ilipo nene, kwa kisu kikali ili isipondeke. Unaiacha ikauke kidogo, kwa sababu ute wake huitawanya rangi. Kisha unaichovya katika rangi iliyokorogwa na uji mwepesi wa wanga, unaigandamiza kwenye karatasi na kuiinua wima bila kuiburuta. Linabaki ua lenye pembe, na ndani yake vyumba vya mbegu. Bamia nyingi zina pembe tano, lakini zipo za sita, saba hata nane, na watoto walipoligundua hilo ikawa mashindano. Mama mmoja alinisimamisha njiani: “Mwalimu, hizi bamia nazinunua za mchuzi au za shule?”

Kitabu cha mwalimu kilisema kwa kifupi sana: mtoto achague umbo, alirudie, apate pambo. Watoto walilirudia. Wakapiga mhuri mstari kwa mstari mpaka karatasi ikajaa, na kazi zote zikawa zimepooza, maua yamepangwa kama wanafunzi mstarini asubuhi. Kijana mmoja wa darasa la sita hakuridhika. Alitaka maua yake yagusane pande zote na hayakukubali: akiyasogeza huku, mwanya unafunguka kule. Aliyageuza juu chini, akayalaza upande, akanijia amekasirika.

Haikuwa kosa lake. Umbo la pembe tano zilizo sawa haliwezi kuujaza uso wa karatasi bila kuacha mwanya, hata ulipange vipi. Umbo la pembe sita linaweza. Juma lililofuata niliwaletea sega la nyuki, nikawaambia watafute mwanya. Hawakuupata. (Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba mwanahisabati Thomas Hales alithibitisha mwaka 1999 kuwa mpango huo wa pembe sita ndio unaogawa nafasi katika vyumba vilivyo sawa kwa kuta fupi kuliko mpango mwingine wowote. Nyuki hakungoja uthibitisho.) Kisha tukaenda nyuma ya shule, kwenye ukuta wa zamani wa mawe ya matumbawe uliobambuka lipu. Ukiweka karatasi nyembamba juu ya jiwe na kusugua kwa mkaa, vinajitokeza vitundu vingi vinavyopakana, na kila kimoja kilikuwa nyumba ya mnyama mdogo wa baharini. Vingine huwa na pembe tano, vingine sita, hakuna viwili vilivyo sawasawa, na kuta vinachangia. Yule kijana aliusugua ukuta ule mpaka kengele ikalia. Aliporudi kwenye bamia zake aliacha kupigana na mianya. Alichonga muhogo kwa umbo la tone, akalitia kila pengo tone la rangi nyingine. Sasa jicho halikujua lishike ua au lishike tone.

Tangu hapo sikufundisha tena kuchora ua peke yake. Nilifundisha kilichoko kati ya ua na ua. Naamini mpaka leo kwamba mtoto hahitaji msaada mkubwa kuona jani; anahitaji msaada kuiona nafasi ambayo jani halikuishika.

Mji wetu ulinirahisishia kazi. Baba mmoja alikuja kunieleza kwa adabu kwamba hapendi mwanawe achore viumbe wenye roho. Sikubishana naye. Mafundi wa Lamu wa karne ya 18 waliochonga zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kwa chokaa walijaza kuta nzima kwa majani na maua bila kuchora jicho hata moja. Mikono ya dada za watoto hawa, siku za arusi, ilikuwa na hina na piko zenye matawi yaliyojikunja kwa ufundi kuliko chochote nilichoweza kuwachorea ubaoni. Na nyumbani kulikuwa na leso.

Leso ina pindo la kuizunguka, ina mji katikati, ina jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake. Niliwatuma watoto waangalie kitu kimoja tu katika leso za mama zao: pembe. Pindo linatembea vizuri upande mrefu, linatembea vizuri upande mfupi, sasa pale pande mbili zinapokutana fundi amefanya nini? Walirudi na majibu ya kila aina. Wapo mafundi waliokata pambo bila huruma. Wapo waliotia mraba wenye ua kubwa kuficha kiungo. Wapo waliopima tangu mwanzo mpaka pambo la korosho la mwisho likageuka na kona bila kukatika. Hawa wa mwisho ni wachache. Mzee mmoja wa duka la leso Biashara Street alitukubali dukani kwake na kutukunjulia leso moja baada ya nyingine, akiwasomea watoto pembe badala ya majina.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Sanaa ikaondolewa katika KCPE, ule mtihani wa darasa la nane. Kwenye ratiba ilibaki, darasani ikawa Hisabati. Nami nikafundisha Hisabati: ulinganifu, pembe, mzunguko, kwa bamia na muhogo. Mkaguzi hakupata la kusema. Mtaala wa umilisi ulipoanza kujaribiwa mwaka 2017, sanaa ikarudi kwa jina kubwa, na nilifurahi, ingawa niliona pia kazi za wanafunzi zilizokatwa kwa mashine kwenye duka la fotokopi huku mzazi akisimamia. Mwalimu akishazipa alama kazi hizo, amemfunza mtoto kununua.

Nimestaafu. Jumamosi bado wananijia watoto wa mtaa, barazani. Majuzi msichana wa miaka kumi na mmoja alikuja na programu kwenye simu ya kaka yake: unapiga picha ya jani, inalirudia kioo kizima. Nilimwambia aitumie, lakini kwanza aniambie jani la pili limewekwa wapi kutoka la kwanza. Alitazama kitambo. “Ubavuni, Mwalimu. Yote ubavuni. Haiteremshi.” Akachukua mkasi, akakata karatasi, akaanza kuliteremsha jani lake nusu hatua kila safu. Simu tuliiweka kwenye chaji. Kaka mtu angeihitaji jioni.