Safari ya Kyaka na Kaboya

Nataka kuwapa habari za safari niliyosafiri na baba yangu mzazi katika nchi ya Kagera, maana huko nalijua jambo lililonipasa kulijua tangu utoto.

Tuliondoka Bukoba asubuhi, tukapita katikati ya migomba na mibuni, hata tukafika Kyaka, penye daraja la mto Kagera. Maji yake ni mengi, yenye rangi ya udongo, na kandokando yameota mafunjo. Karibu na hapo, juu ya kilima, yako magofu ya kanisa lililobomolewa vitani.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia kutoka Uganda, yakaishika nchi yote hata ukingo wa mto, na daraja la kwanza likavunjwa. Watu wakakimbia na watoto wao. Ndipo askari wetu walipoitwa, na wanamgambo pamoja nao, watu wa jembe na wa kazi za mikono. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Vita vikaendelea, na Kampala ikatwaliwa tarehe 11 Aprili 1979.

Mimi nalizaliwa mwaka uliofuata. Nilipokuwa mtoto, wenzangu walijisifu kwa ajili ya baba zao. Nikamwuliza wangu, "Baba, ulifanya nini vitani?" Akajibu, "Nalibeba mizigo, mwanangu." Basi nikaona haya, nikamdharau moyoni.

Tena palikuwa na jambo lililoniudhi. Kila mwaka, kabla ya kulima shamba letu, baba alitupeleka kulima shamba la bibi mmoja mjane, asiye wa ukoo wetu. Nalinung'unika sana, walakini baba hakunieleza neno.

Siku ile, darajani, akanena. Ng'ambo ya mto rafiki yake, kijana wa kijiji chetu, alipigwa risasi. Baba akamchukua mgongoni usiku kucha, akiwatafuta waganga wa jeshi. Kulipopambazuka yule kijana akamwambia, "Mama yangu hana mwingine." Kisha akafa. Bibi yule ndiye mama yake.

Kesho yake tukaenda Kaboya, upande wa Muleba, yaliko makaburi ya mashujaa wa vita vile, safu kwa safu. Baba akavua kofia, akaenda polepole kwa fimbo yake, hata akaliona kaburi alilolitafuta. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama yako tulimzika vema." Hakusema zaidi.

Nami nikapiga magoti mbele ya baba, nikamwomba radhi. Akaniinua, akasema, "Ulikuwa mtoto, mwanangu. Tena jembe ulilishika."

Enyi wazazi na walimu, kila mwaka tarehe 25 Julai taifa letu huwakumbuka mashujaa, nasi huwafundisha watoto majina ya wakuu wa majeshi. Ni vema. Walakini tusiwasahau wazee waketio barazani mwetu wakinyamaza. Tumeamriwa kuwaheshimu baba na mama; nami sasa naona ya kuwa heshima hiyo yataka kuuliza na kusikiliza. Waulizeni wangali hai.